Uvimbe wa mama umepungua na mchungaji anasema amepona: je, kuendelea na kemo ni kukosa imani?

Swali: Mama yetu ana miaka 56 na ni mjane. Tunaishi naye Kisumu. Mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi la kushoto, na daktari akasema imefika hatua ya 3, akapanga kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) kwanza kisha upasuaji. Ameshapata dozi mbili kati ya nane. Kanisa letu limemwombea tangu siku ya kwanza, na sasa uvimbe umepungua hata yeye mwenyewe akipapasa haupati kwa urahisi. Mchungaji amesema Mungu ameshamaliza kazi, na mama amesimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye anayetuma pesa kutoka Nairobi, anasema mama akirudi kwenye dripu tutakuwa tunamtukana Mungu. Shangazi naye anasema ugonjwa huu ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko kwa mila za Wajaluo, kwa kuwa mama alikataa kurithiwa na ndugu wa baba alipofariki. Wameanzisha mfungo wa siku 21, na mama anafunga pamoja nao. Dozi ya tatu ni Jumatano ijayo. Mimi ni muumini na sitaki kuwa kikwazo. Tufanye nini?

Jibu: Dada yangu, mpeleke mama kliniki Jumatano. Nimetanguliza jibu kwa sababu siku zilizobaki ni chache. Kumpeleka si kukosa imani, wala hakufuti maombi ambayo kanisa lenu limefanya. Yaliyobaki nayaandika ili upate maneno ya kumwambia kaka yako na mchungaji, na zaidi ya wote mama mwenyewe, kwa kuwa katika swali lako nimesoma anachosema kila mtu isipokuwa yeye.

Nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa saratani katika sehemu hizi za Nyanza na Magharibi kwa miaka mingi, na siku hizi niko katika huduma shufaa, ambayo kazi yake ni kupunguza maumivu na mahangaiko ya mgonjwa na jamaa zake wakati wowote wa ugonjwa, si siku za mwisho peke yake. Sijawahi kufanya kazi katika chumba cha kemo kisicho na maombi. Asubuhi, kabla dripu hazijaanza kushuka, akina mama hushikana mikono wakiwa wameketi kwenye viti vyao, mmoja akaanzisha wimbo kwa Kijaluo na jirani yake Mluhya akaupokea kwa lugha yake, na muuguzi anayetafuta mshipa huendelea na kazi yake katikati ya wimbo huo. Kadi nyingi za kliniki hutolewa kutoka katikati ya kurasa za Biblia, ndiko zinakotunzwa. Kwa hiyo swali lako silioni kama ugomvi kati ya hospitali na kanisa. Naliona kama swali kuhusu uvimbe uliopungua, na maana ya kupungua huko.

Kemo inayotolewa kabla ya upasuaji hupangwa hasa ili uvimbe unywee. Saratani ya titi ikiwa katika hatua ya 3, mara nyingi imekuwa kubwa au imefika kwenye tezi za kwapani, na daktari akikata mapema huenda asiweze kuitoa yote. Ndiyo maana dawa hutangulia. Dozi nane zinazoachana kwa wiki 3 ni mpango unaotumika sana: nne za kwanza kwa kawaida huwa na ile dawa nyekundu, doksorubisini, ikiambatana na saiklofosfamaidi, na nne za mwisho huwa za dawa ya jamii nyingine. Kama hizo ndizo anazopewa mama, bila shaka mmeiona hiyo nyekundu ikishuka, na mkojo wake ukageuka rangi kwa siku moja au mbili, jambo linalowatia wengi hofu wakidhani ni damu. Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika upesi. Lakini seli za uvimbe hazigawanyiki zote kwa wakati mmoja. Zilizotulia leo huponyoka dozi ya leo, nazo hukutwa na dozi inayofuata au ile ya baada yake. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutoa dozi nane badala ya moja kubwa, na pengo la wiki 3 limewekwa ili uboho wa mifupa upate nafasi ya kutengeneza damu nyingine. Halikuwekwa ili tutazame kama mgonjwa ameshapona.

Uvimbe wenye upana wa sentimita 1 tu unaweza kuwa na seli zinazokaribia bilioni 1. Ukipungua mpaka vidole vikaukosa, bado zinaweza kubaki seli nyingi mno ambazo hakuna kidole, kiwe cha daktari au cha mchungaji, kitakachozigusa na kuzitambua. Tena zinazobaki mara nyingi ndizo zilizoistahimili dawa zaidi. Mkiacha sasa, hizo ndizo zitakazozaana, na uvimbe unaorudi baada ya tiba kukatizwa mara nyingi huwa mgumu kutibu kuliko ule wa kwanza. Watu wa kwetu wanalifahamu jambo hili kupitia kifua kikuu: dawa humezwa kwa miezi 6, ingawa kikohozi huanza kutulia mapema sana, na aliyeacha vidonge kwa kuwa hakohoi tena anaweza kurudi akiwa na TB sugu.

Basi alichokiona mchungaji ni cha kweli. Uvimbe umepungua, hiyo ni habari njema, na mna haki ya kumshukuru Mungu kwa moyo wote, maana si kila mgonjwa hupata matokeo haya mapema hivi. Ninapopishana naye ni pale anaposema kazi imekwisha. Mwisho wa kazi hii huonekana baadaye, pale dozi zote zinapokuwa zimekamilika, daktari wa upasuaji akatoa sehemu iliyougua pamoja na tezi za kwapani, na mtaalamu wa maabara akakata vipande vyembamba na kuvipitia kwa darubini kimoja baada ya kingine. Wapo wagonjwa ambao katika vipande hivyo haionekani hata seli moja ya saratani. Nimewahi kuwasomea wenyewe ripoti za namna hiyo, na furaha yake sijui niieleze vipi. Lakini hata hao walipitia upasuaji, kwa sababu bila kuvitoa vipande na kuvitazama hakuna anayeweza kusema kwa hakika. Baadaye wengi huhitaji mionzi, ambayo kwa watu wa pande zetu mara nyingi imemaanisha safari ya Eldoret, na ikiwa saratani ni ile inayochochewa na homoni, hufuata vidonge kama tamoksifeni vinavyomezwa kwa miaka 5 au zaidi. Mwambieni kaka yenu haya yote mapema, ili kila hatua itakapofika asiione kama dalili kwamba maombi yameshindwa.

Upo utafiti ambao ningependa aufahamu. Mwaka 2018 Skyler Johnson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa wa saratani ambayo haijasambaa mbali, waliochagua tiba mbadala pekee, na wenzao waliopata tiba ya kawaida ya hospitali. Hatari ya kufariki kwa kundi la kwanza ilikuwa mara 2.5 ya kundi la pili, na kwa saratani ya titi ilizidi mara 5. Utafiti huo haukupima maombi, wala haukusema lolote juu ya Mungu. Ulipima kinachotokea mtu anapoikataa tiba ambayo ingemfaa, na hilo linakaribiana na mnalotaka kufanya.

Kuhusu imani yenyewe, mimi si mhubiri, lakini yapo mambo yaliyo wazi kwa kila anayesoma Biblia. Mfalme Hezekia alipougua hata akakaribia kufa aliomba akilia, na jibu likamjia kwamba ameongezewa miaka 15. Katika simulizi hiyo hiyo, nabii Isaya aliyemletea ahadi ndiye aliyeagiza mkate wa tini uletwe ukawekwa juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imeshatolewa, na dawa ikawekwa vilevile. Waraka wa Yakobo unaagiza wazee wa kanisa waitwe, wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, wala hausemi tabibu afukuzwe kwanza, na Luka anatajwa na Paulo kuwa tabibu mpendwa. Jirani zenu Wakatoliki wana mpako wa wagonjwa, ambao familia nyingi bado huuogopa zikidhani ni wa anayekata roho, ilhali Kanisa lao linafundisha kwamba mtu aweza kuupokea kabla ya upasuaji mkubwa na akarudia ugonjwa ukizidi. Waislamu nao wana mafundisho ya Mtume yanayowahimiza waja kutafuta dawa. Sijui ni dini ipi kubwa miongoni mwetu inayomtaka mgonjwa achague upande mmoja.

Nililolisoma kwa wasiwasi zaidi katika swali lako ni ule ushuhuda. Mtu aliyesimama mbele ya kanisa akasema amepona hufungwa na maneno yake. Kurudi kwenye kemo kunakuwa kama kumwita mchungaji mwongo, na kuwavunja moyo wote walioshangilia. Nimewauguza akina mama waliotoa ushuhuda wa namna hii, kisha saratani ikarudi, ikatoboa ngozi, nao kwa miezi wakawa wanajifunga leso mbili kifuani ili harufu ya kidonda isiwafikie waliokaa karibu nao kwenye benchi la kanisa. Walikuwa wanajua. Walinyamaza kwa sababu hawakutaka imani ya watu wengine ianguke kwa ajili yao. Mmoja aliniomba nisimpigie simu siku ya ibada ya nyumbani, wasije wakamsikia akizungumza na watu wa hospitali.

Ukimya huo huanzia mbali kabla ya kidonda. Ninapomuuliza mgonjwa mbele ya jamaa zake maumivu yake ni kiasi gani kati ya 0 na 10, husema 2, huku akitabasamu. Jamaa wakitoka kutafuta chai, nikauliza tena, husema 8. Si kwamba anapenda kudanganya. Nyumbani amefundishwa kwamba kutaja maumivu ni kumpa shetani nafasi. Hapo ndipo imani ya familia, bila yeyote kukusudia ubaya, humwachia mgonjwa mzigo wa kuwatunza wanaomtunza. Nakuomba ulitazame hili kwa mama. Je, anakwambia usiku ameshindwa kulala? Anataja vidonda vya mdomoni, au unaviona tu anapoacha chakula?

Ushuhuda haufutiki, lakini unaweza kuendelezwa. Mama anaweza kusimama tena, akiwa tayari mwenyewe, akasema kwamba Mungu amemtendea mema, uvimbe umepungua, na sasa anaomba kanisa liendelee kumshika mkono katika dozi sita zilizobaki na upasuaji. Hakuna uongo katika maneno hayo, na hakuna anayeaibika. Naamini mchungaji mwenye kumpenda mama atafurahi kupata njia ya kurekebisha alilosema bila kuonekana amerudi nyuma.

Kuhusu mfungo, naomba mama atolewe leo, si Jumatano. Saiklofosfamaidi ikishafanya kazi mwilini hutoka kwa njia ya mkojo, na mabaki yake huweza kuichubua kibofu mpaka mgonjwa akakojoa damu. Kinachoilinda kibofu ni maji mengi na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Mtu anayefunga bila kula wala kunywa anaacha sumu hiyo ikae pale pale. Mwili wake pia unahitaji protini ili kujenga upya damu, ngozi ya mdomo na utando wa tumbo, vitu ambavyo kemo huviharibu pamoja na saratani. Akifika kliniki akiwa amedhoofika, amepungua kilo na damu yake iko chini, daktari hana budi kuahirisha dozi, na kuahirisha mara kwa mara hupunguza faida ya tiba yote. Mpeni uji wa wimbi uliotiwa maziwa, mayai, omena, samaki, maharage, kidogo kidogo lakini mara nyingi, hasa asubuhi kabla kichefuchefu hakijaamka. Ninyi mlio wazima mnaweza kufunga kwa ajili yake. Makanisa yanayofunga yanajua desturi ya kuwapumzisha wagonjwa, wajawazito na wazee, na mama anaweza kushiriki kwa njia nyingine, kwa mfano kuongoza zaburi jioni mnapofungua.

Makesha nayo yana hatari yake. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dozi, chembe nyeupe za damu huwa chini kuliko wakati wowote, na ugonjwa mdogo wa kuambukiza ambao wewe ungeupuuza unaweza kumuua yeye. Kanisa lililojaa watu usiku kucha, wengine wakikohoa, kila mmoja akitaka kumwekea mikono, si mahali pake katika siku hizo. Waombaji wachache waje nyumbani mchana, wanawe mikono, mwenye mafua abaki kwake. Maji ya kuombewa yachemshwe kwanza, kwa sababu matumbo ya Kisumu tunayajua. Mafuta ya upako hayadhuru ngozi iliyo nzima, ila yasipakwe kwenye kidonda, na wakati wa mionzi yasipakwe sehemu inayotibiwa bila kuuliza. Dawa za mitishamba mtajieni daktari zote bila kuona haya, kwani ini linalosafisha mitishamba hiyo ndilo linaloshughulikia kemo.

Na jambo moja nataka lijulikane na kila mtu katika nyumba yenu, hata watoto: mama akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Msimpe panado mkangoja kupambazuke, wala msianze ibada kwanza. Ombeni mkiwa njiani. Mkifika semeni mlangoni kwamba yuko kwenye kemo, kwa sababu anatakiwa apewe antibiotiki ya mshipani mapema iwezekanavyo, na si lazima ahudumiwe kwa foleni.

Sasa chira. Nalizungumzia kwa heshima, kwa kuwa shangazi yenu hasemi hivyo kwa chuki. Pengine anaogopa kwa namna alivyofundishwa kuogopa. Lakini mama hakuleta saratani kwa kukataa kurithiwa. Saratani ya titi huanza seli za titi zinapoharibika katika chembe zake za urithi, na yanayoongeza uwezekano wake ni kama umri, ugonjwa huo kuwapo katika ukoo, na muda ambao mwili umekaa chini ya homoni za kike. Huwapata wajane waliorithiwa na ambao hawakurithiwa. Mwanzoni mwa karne ya 18 tabibu wa Italia aliyeitwa Bernardino Ramazzini aliandika kwamba aliuona ugonjwa huu sana kwa watawa, wanawake ambao hakuna mwiko wa ndoa waliowahi kuuvunja.

Ninalikazia hili kwa sababu ya utafiti mwingine. Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza dini na magonjwa kwa miaka mingi, hutenganisha wagonjwa wanaomwona Mungu kuwa mwenzi wao katika shida na wagonjwa wanaomwona kuwa anawaadhibu au amewaacha. Katika matokeo aliyochapisha na wenzake mwaka 2001 kuhusu wagonjwa wa hospitali wenye miaka 55 na zaidi, wale waliokuwa na hisia hizo za kuadhibiwa na kuachwa walikuwa na hatari iliyozidi kiasi ya kufariki katika miaka miwili iliyofuata, hata baada ya hali ya ugonjwa wao kuzingatiwa. Kwa hiyo imani inaweza kumwinua mgonjwa na inaweza kumwelemea, kutegemea anachoambiwa juu ya Mungu akiwa kitandani. Shangazi akitaja chira mbele ya mama, ni wajibu wako na wa mchungaji kumtetea. Hili, kwa kweli, ndilo jambo ambalo mchungaji anaweza kulifanya vizuri kuliko daktari yeyote, na ningemwomba alifanye wiki hii.

Kaka yenu anatuma pesa, na anayetuma pesa katika familia zetu husikilizwa kwanza. Mshukuruni kwa hilo kabla ya kumpinga. Kisha mwulizeni kama mchango wa mama wa SHA, bima ya afya ya serikali, umelipwa, kwa kuwa bima hiyo iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024 hudai asiye na mshahara alipe wa mwaka mzima kwa pamoja, na jina likiwa halijalipiwa siku ya dozi mtarudishwa nyumbani. Kiwango kinachogharamiwa kwa saratani hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ulizieni ofisi ya SHA hospitalini kilivyo sasa na kiasi kilichobaki kwa ajili ya upasuaji na mionzi. Kama kuna sadaka ya mbegu iliyoahidiwa kwa ajili ya uponyaji, nasema waziwazi: ilipiwe SHA kwanza. Anayemwombea mama kwa dhati hatangoja pesa ndipo aombe.

Mchungaji msimkabili kwa ugomvi. Mwalikeni aje kliniki pamoja nanyi, siku hiyo ya Jumatano au wakati wa kumwona daktari, asikie mwenyewe na aulize. Wengi wa wachungaji niliowaona wakiwaambia watu waache dawa walikuwa hawajawahi kuelezwa kemo ni nini wala kwa nini dozi ni nane. Walimwona muumini wao anaanguka nywele na kutapika, wakamhurumia. Nimeona wachungaji waliokuja wakiwa na shaka, wakaondoka wakiwa wamebeba ratiba ya dozi ili wapange watu wa kumsindikiza mgonjwa. Akikataa kuja, au akisisitiza kwamba dawa ni dhambi, basi wewe na mama mtajua mnashughulika na nini, na kanisa jingine la dhehebu hilo hilo linaweza kuwa na mchungaji atakayewasikiliza.

Kwa sheria, mwenye kuamua ni mama. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu haki ya kuelezwa ugonjwa wake na kukubali au kukataa tiba. Kaka hana sauti hiyo, mchungaji hana, hata wewe huna. Kwa hiyo keti naye peke yake, asubuhi akiwa ameshakunywa uji, wengine wakiwa hawapo. Usimwulize kama ana imani. Mwulize anaogopa nini zaidi. Anaweza kukwambia anaogopa kumwaibisha mchungaji, au kwamba dozi ya pili ilimtesa na ule ushuhuda ulikuwa njia ya kupumzika. Kama ni mateso ya dawa, yapo mengi ya kufanya: dawa za kichefuchefu zinaweza kuongezwa au kubadilishwa, vidonda vya mdomo hutibiwa, na dozi inaweza kurekebishwa. Watu wengi huacha kemo kwa sababu ya kutapika ambako kungeweza kuzuiwa, kisha wakataja sababu nyingine.

Unaweza kujiuliza itakuwaje tukifanya yote haya na saratani isipone. Inawezekana, na hatua ya 3 si jambo dogo, ingawa tiba yake bado inalenga kuponya. Hilo likitokea, kutakuwa na wa kuwasaidia. Hospisi, yaani vituo vya huduma shufaa, zipo Kisumu, Eldoret na Nakuru, na mofini ya kunywa inayotolewa huko hutuliza maumivu bila kuharakisha kifo inapotolewa ipasavyo. Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamii na ya roho kwa pamoja, na ndiyo sababu sisi wa huduma shufaa huuliza habari za maombi tunapouliza habari za usingizi. Katika siku kama hizo familia iliyomwambia mgonjwa kwamba Mungu yuko naye huendelea kumwambia hivyo hivyo mpaka mwisho. Iliyomwambia kwamba atapona kwa sharti la kuamini hukosa la kusema, na mgonjwa huondoka akidhani imani yake ndiyo iliyopungua. Tangu sasa, basi, mwombeeni bila kumwekea sharti.

Jumanne apimwe damu, kama kliniki yenu hutaka majibu kabla ya dozi. Mwambieni daktari ukweli kwamba amekuwa akifunga na ni kwa siku ngapi, hata kama mnaona aibu, kwa sababu atataka kuangalia figo na damu kabla ya kuruhusu dripu. Akiona heri kusogeza dozi kwa siku chache ili mama ale apate nguvu, kubalini na mchukue tarehe mpya kabla hamjaondoka. Na kama utakuwa umeyasoma haya Jumatano ikiwa imepita, mpelekeni siku ya kliniki inayofuata. Semeni mlichelewa, naye muuguzi atafungua faili na kuendelea kutoka dozi ya pili.